Madirisha ya Nyumba ya Malindi

Wageni wanaokuja Mji Mkongwe wa Unguja hutazama milango. Hupiga picha misumari ya shaba, hupapasa nakshi za mawaridi na minyororo, kisha huenda zao Forodhani kula. Mimi nimeishia kuwa mtu wa madirisha, na wala sikuomba. Marehemu baba aliacha nyumba ya ukoo upande wa Malindi ikiwa na wapangaji chini, shangazi yangu ghorofa ya kwanza, na ghorofa ya pili tupu. Ndugu walipokaa kikao, kila mmoja alikuwa na shughuli zake Dar es Salaam au Maskati, na mimi ndiye niliyekuwa nyumbani. Nikakabidhiwa funguo. Mlango wa mbele, ule wa nakshi, ulikuwa mzima kabisa. Madirisha ndiyo yaliyokuwa yakioza.

Ukitaka kujua nyumba ya mawe ina hali gani, piga goti mbele ya dirisha lake na uangalie kona mbili za chini, pale mwimo, ule mti wa ubavuni, unapokaa juu ya kizingiti. Paa likivuja, maji huishia pale. Mlizamu, ule mfereji wa maji ya paa, ukiziba, ukuta hulowana hadi pale. Mchwa wakipanda kutoka chini, watakaa pale penye unyevu. Mwenye nyumba anaweza kukupitisha sebuleni ukaona zulia na makochi na ukuta uliopakwa rangi juzi, lakini kona ile haijui kudanganya. Siku hizi nikialikwa kwa watu najikaza nisiiname.

Nyumba za mawe za pwani yetu hazikuanza na madirisha mengi. Ukiingia nyumba ya Lamu ya karne ya 18 unapita daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, unakata kona, unafika kiwandani, ule uwanja wa ndani ulio wazi juu, na karibu mwanga wote wa nyumba unatoka hapo. Vyumba vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Kadiri unavyoingia ndivyo giza linavyozidi, na vidaka, yaani vishubaka, vya ukuta wa ndani kabisa, vyeupe kwa chokaa, ndivyo vinavyorudisha ule mwanga kidogo uliobaki. Ukuta wa upande wa njia karibu hauna tundu. Wanawake wa nyumba mbili wakitaka kutembeleana walipita juu, kwa wikio lililovuka kichochoro, bila ya mtu wa chini kuwaona.

Mji wa Unguja ulijengwa kwa wingi baadaye, karne ya 19, baada ya Seyyid Said kuhamisha makao yake kutoka Maskati, na fedha za karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa zikamiminika. Nyumba za Kiomani zilikuwa na kuta nene, nusu mita na zaidi, za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Chini zilikuwa na ghala, kwa hiyo matundu yake ni madogo na yako juu, jicho la mpita njia halifiki. Watu waliishi ghorofani, na huko madirisha yakapangwa safu, kila chumba na yake matatu au manne. Wafanyabiashara wa Kihindi wakaja na mtindo wao: duka chini likitazama njia, nyumba juu, roshani ya mbao zilizokatwa nakshi, na vioo vya rangi. Ukitaka kuona mtindo huo ulipofika kileleni nenda Mizingani ukaitazame ile zahanati ya zamani ya Ithnaasheri, iliyoanza kujengwa mwaka 1887 kwa fedha za tajiri Tharia Topan na kumalizika mwaka 1894, yeye akiwa ameshafariki. Sultani Barghash alikuwa ameshajenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 na roshani zake zilizozunguka jengo zima. Waingereza walipochukua himaya mwaka 1890 wakaongeza mapenzi yao ya vioo.

Nyumba yetu imekula katika vyungu vyote hivyo. Mwili wake ni wa Kiomani, uwanja katikati. Vichwa vya madirisha ya mbele vina nusu duara za vioo vyekundu, vya buluu na vya kijani, mtindo wa Kihindi. Na upande wa bahari kuna mtu, sijui babu au mpangaji wa babu, aliyeongeza fremu za vioo vyeupe ndani ya zile za mbao, nadhani kwa kuona maofisa wa Kiingereza wanazo.

Shangazi ndiye aliyenifundisha dirisha linavyotumika, na nakiri kwamba nilikulia nyumba ile bila ya kuyatazama kwa akili. Kila dirisha la ghorofani lina milango minne: miwili ya juu na miwili ya chini, kila mmoja unafunguka peke yake. Nondo za chuma zimesimama wima mbele yake. Kizingiti kiko chini mno, karibu na sakafu, jambo ambalo wapangaji wa kisasa huliona la ajabu kwa kuwa kochi lao linaziba nusu ya dirisha. Lakini nyumba ile ilijengwa kwa watu waliokaa chini, juu ya busati na mito. Upepo ulitakiwa umfikie aliyekaa chini.

"Milango ya juu wazi, ya chini umefunga," alinieleza, "mwanga unaingia, joto linatoka, na wewe uko na kanga yako moja hakuna anayekuona. Jioni jua likizama unafungua ya chini. Usiku yote. Asubuhi upande wa jua unafunga mapema, kabla ukuta haujashika moto."

Anafanya hivyo mpaka leo, bila ya kufikiri. Msimu wa kaskazi, kuanzia Disemba, anaanza na madirisha ya upande mmoja. Kusi ikiingia Mei anahamia upande mwingine na vyombo vyake. Hewa ya moto inapanda kupitia uwanja wa katikati na kutoka juu, hewa ya baharini inavutwa kupitia madirishani. Nimekaa chumbani kwake saa nane mchana mwezi wa Februari bila ya feni. Kisha nimepanda ghorofa ya pili, iliyokuwa imefungwa miaka, nikapokewa na fukuto na harufu ya ukungu. Ni ukuta uleule, mbao zilezile, bahari ileile. Tofauti ni kwamba huku mtu anafungua na kule hakuna mtu.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye nyumba ya mawe alishike: madirisha ya shangazi, yanayosukumwa na kuvutwa kila siku, yalikuwa na hali nzuri kuliko ya ghorofa tupu ambayo hakuna aliyeyagusa. Dirisha linalofunguliwa linakauka. Linalofunguliwa linalalamika mapema pia: bawaba inalia, mlango unakwaruza, unajua kuna kitu. Lililofungwa linaoza kimya hadi siku nondo inapokubakia mkononi.

Fundi niliyempata ni mzee wa Kipemba, seremala aliyeanzia kwenye majahazi akaja kuishia kwenye nyumba. Nilimwamkia, nikampandisha juu, nikamwonesha dirisha lililokuwa baya kuliko yote. Nilitegemea aniambie tupime mbao mpya. Alitoa bisibisi mfukoni akaanza kuchoma mbao, taratibu, kuanzia juu kushuka chini. Juu bisibisi iligoma. Katikati ikagoma. Chini, kwenye ncha ya mwimo, ikazama hadi mpini.

"Mwanangu, hili limekufa vidole vya miguu tu," akasema. "Nani anazika mtu kwa vidole?"

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia kwa seremala: "Saruji hii kaweka nani?"

Miaka mingi nyuma, baba akiwa hai, aliletwa fundi mmoja wa ujenzi kuziba nyufa. Alifanya kazi aliyoijua. Alibandua lipu ya chokaa iliyokuwa ikipukutika kuzunguka madirisha, akapiga ya saruji, ngumu, nyororo, ikapakwa rangi ya mafuta. Kila mtu alifurahi. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa una vitundu vingi. Mvua ya masika ikiupiga unanyonya maji, jua likitoka unayatoa. Ndiyo pumzi yake. Ukiupaka saruji ni sawa na kumvisha koti la mpira mtu anayetokwa na jasho. Maji bado yanaingia, kwa juu, kwa nyufa, kwa kupanda kutoka ardhini, lakini hayana pa kutokea. Yanatafuta sehemu laini, na sehemu laini ya ukuta ule ni mbao za dirisha. Pamoja na maji inasafiri chumvi, ambayo nyumba za ufukweni hazikosi, na chumvi ikikauka ndani ya ukuta huvimba na kuisukuma lipu nje vipande vipande.

Kwa hiyo kazi ya dirisha letu ilianza bila ya kugusa dirisha. Ilianza juu ya paa. Mlizamu mmoja ulikuwa umekatika na maji ya bati yakishuka ukutani moja kwa moja, juu ya kichwa cha dirisha. Nyumba nyingi za mjini zilikuwa na mapaa bapa ya chokaa, mabati yakaja kuwekwa juu yake baadaye. Bati linakusanya maji mengi kwa wakati mmoja, na mlizamu ukiwa mbovu ukuta mmoja unapokea mvua ya paa zima. Tukarekebisha hilo. Kisha tukabandua saruji kuzunguka madirisha kwa patasi na nyundo ndogo, pole pole, kwa kuwa inang'ang'ania na kutoka na nyama ya ukuta. Tukaacha ukuta wazi ukauke kiangazi kizima. Majirani walituuliza kama fedha zimekwisha.

Baadaye tukarudisha chokaa. Mwashi aliyekuja na mzee alikataa katakata chokaa ya kuchanganya na kutumia papo hapo. Alitaka iliyolowekwa shimoni muda mrefu, laini ya kuteleza kidoleni. Fungu moja la chokaa kwa matatu ya mchanga, na mchanga usiwe wa pwani. Alipiga tabaka nyembamba, akazifunika kwa magunia mabichi ili zisikauke haraka, akarudi kuzilowesha. Saruji siku ya pili imeshakuwa jiwe. Chokaa inashika kwa kuvuta hewa, wiki kwa wiki. Asiye na subira asianze.

Watu husahau pia kwamba juu ya kila dirisha kuna vipande vya boriti au mbao nzito vilivyobeba ukuta wa juu yake. Vikioza hivyo, kinachopasuka si dirisha. Nyufa mbili zinazopanda kutoka kona za juu za dirisha zikikutana, ni maneno ya kumwita mtu anayejua nyumba hizi, mara moja, na kuondoa watu chumbani. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakafariki. Jengo lile lilikuwa limevujiwa na maji miaka na miaka. Tangu siku ile, mzee akisikia mtu anasema "ufa mdogo tu," hunyamaza na kumtazama usoni.

Sasa mbao. Mzee alikata sehemu iliyooza mpaka alipofika kwenye mbao nzima, akakata kwa mshazari mrefu, sio mraba, ili kipande kipya kilalie cha zamani kwa upana na maji yasipate mahali pa kutuama kwenye maungio. Nyuzi za mbao mpya alizielekeza sawa na za zamani. Hakutumia msumari hata mmoja kwenye mwimo. Alitoboa na kupigilia vijiti vya mbao ngumu. Msumari wa chuma baharini unapata kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na mbao inapasuka kutoka ndani. Hiyo ndiyo iliyovipasua vizingiti vyetu pale nondo zinapoingia. Kila nondo ilikuwa imevimba mguuni. Tulizisugua kwa brashi ya waya hadi chuma kikang'aa, tukapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, tukazirudisha, na matundu yake mzee akayaziba yawe na mwinuko kidogo ili maji yateleze nje.

Chini ya kizingiti, upande wa nje, alichimba mfereji mwembamba wa kuingia ncha ya kidole, kutoka mwisho hadi mwisho. Nilimwuliza wa nini. Akamwaga maji ya kikombe juu ya kizingiti ambacho hakijachimbwa. Yaliteleza ukingoni, yakajikunja kwa chini na kutambaa hadi ukutani. Akamwaga kwenye kilichochimbwa. Yalifika kwenye mfereji, yakashindwa kuuvuka, yakadondoka njiani. Fundi wa zamani alikuwa ameuchimba mfereji huohuo, ila matabaka ya rangi yalikuwa yameujaza hadi ukapotea. Fundi wa saruji na fundi wa rangi, kwa nia njema, walikuwa wameondoa kila kitu kilichofanya dirisha lile liishi zaidi ya miaka mia.

Kuhusu aina ya mbao sitaki kujifanya mjuzi. Ya zamani nyingi katika nyumba yetu ni msaji na mvule. Msaji wa siku hizi unapatikana, mashamba ya Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro yanautoa, lakini mti uliokatwa mdogo una mbao nyeupe ya pembeni nyingi, na hiyo nyeupe ndiyo dumuzi, wadudu watoboao mbao, wanayoipenda. Inabidi usimame dukani uchague ubao kwa ubao, uchukue kiini tu, na muuzaji akuchukie. Mzee alipendelea mbao kuukuu kutoka nyumba zilizobomoka, zimeshakauka na zimeshapinda zilivyotaka kupinda. Mfenesi aliutumia kwa vipande vya ndani. Mimi nilibeba na kulipa.

Rangi ilinipa hofu kuliko vyote. Matabaka ya zamani ya rangi ya mafuta mara nyingi yana risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Hatukusugua msasa mkavu na hatukuchoma kwa moto, ingawa kijana mmoja alishakuja na jiko lake la gesi. Tulilowesha, tukakwangua, tukakusanya maganda kwenye mfuko, na wajukuu wa wapangaji wakapelekwa kwa bibi yao. Mbao zilipobaki uchi tulizipaka mafuta ya kitani tabaka kadhaa nyembamba, tukianza na ncha zilizokatwa, kwa kuwa mbao hunywa maji zaidi kwa ncha. Mtu mmoja alitushauri sifa, mafuta ya papa wanayopaka majahazi. Mzee, aliyeyapaka utotoni kwake hadi yakamtoka puani, alisema jahazi liko baharini na harufu yake iko baharini, shangazi yako analala hapa. Jambo moja la hatari ambalo si wengi wanalijua: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakikunjwa na kurundikwa kona moja huweza kupata joto na kuwaka yenyewe. Yatandaze juani mpaka yakauke kabisa, au yatumbukize kwenye ndoo ya maji.

Vioo vilitupa raha. Vile vyeupe vya upande wa bahari vina mawimbi, ukitikisa kichwa mlingoti wa jahazi unacheza. Mpangaji mmoja aliniapia kwamba kioo huyeyuka taratibu kwa umri. Siyo, ni namna vilivyotengenezwa zamani, kabla ya kampuni ya Pilkington ya Uingereza kutangaza mwaka 1959 njia yake ya kumwaga kioo cha moto juu ya madini ya bati yaliyoyeyushwa ili kiwe bapa. Kioo cha mawimbi kikivunjika hutapata kingine dukani. Tulivitoa kimoja kimoja, tukaviandika namba kwa chaki, tukabandua pati ya kushikia kioo iliyokauka na kuweka mpya. Vya rangi vilivyopotea hatukuigiza kwa plastiki. Tuliweka vyeupe, na shangazi alisema afadhali pengo kuliko jino la bandia.

Wajomba kutoka Dar walikuwa wameshapendekeza aluminiamu. Sikuwalaumu: ukisimama ferini Kivukoni unaona kila ghorofa jipya linayo, inang'aa, hailiwi na mchwa. Kwanza niliwaambia kwamba sura ya nje ya nyumba hizi haibadilishwi kwa matakwa ya mwenyewe. Mamlaka ya Mji Mkongwe imekuwepo tangu mwaka 1985, mji umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kibali kinahitajika. Hoja hiyo haikuwagusa. Mtu wetu hapendi kuambiwa kibali katika nyumba ya baba yake. Iliyowagusa ni hesabu ya upepo. Dirisha la kuteleza, hata ukilifungua hadi mwisho, nusu yake imebaki imefungwa, kwa kuwa kioo kimoja kimesimama nyuma ya kingine. La shangazi likifunguliwa limefunguka lote. Na aluminiamu ikiharibika roda au mpira wake, unasubiri kipuri cha mtindo ule, ambacho kwa kawaida kimeshaacha kuletwa. Mwimo wa mvule unakatwa vidole na kuwekewa vingine, na mjukuu wa mzee anaweza kurudia kazi ileile kwa patasi ileile.

Sikushinda kila mahali. Mpangaji wa chini upande wa njia ana kiyoyozi, na kiyoyozi kinataka madirisha yazibwe. Ana duka, ana wateja, siwezi kumwambia akae na joto. Lakini chumba kile kilianza kuota ukungu nyuma ya kabati ndani ya msimu mmoja, kwani ukuta mzito uliopozwa upande mmoja na kupigwa na hewa ya unyevu upande mwingine unatoa jasho. Tumekubaliana, baada ya maneno mengi, kwamba siku ya Ijumaa akifunga duka kwa sala anazima mashine na kufungua milango yote ya madirisha hadi alasiri, na kabati limevutwa mbali na ukuta. Ukungu umepungua. Haujaisha.

Sasa kazi yangu ya mwaka ni ndogo. Kabla ya masika napanda juu kusafisha milizamu, na mvua kubwa ya kwanza ikinyesha natembea na tochi nikiangalia wapi panalia. Kusi ikipita napitisha kitambaa cha maji baridi kuondoa chumvi kwenye nondo na bawaba, nakausha, natia tone la mafuta. Palipochubuka napaka siku hiyohiyo, kwa sababu mchubuko mdogo hauna gharama. Bisibisi naichoma kwenye kona za chini, zote. Ghorofa ya pili nimempa binti mmoja mwanafunzi kwa pango nafuu kwa sharti moja, afungue madirisha kila asubuhi. Kwanza alidhani natania. Majuzi alinipigia kunieleza kwamba mlango wa juu wa dirisha la tatu umeanza kukwaruza.

Limebaki dirisha moja, la upande wa kichochoro, ambalo mbao zake hazikuwa na cha kuokoa isipokuwa bawaba na nondo mbili. Kwa sasa limezibwa kwa mbao za boksi. Msaji wake nimeshaununua, umelala chini ya ngazi ukikauka, na mzee amesema hataugusa kabla ya masika kwisha hata nikimlipa mara mbili.